Kitabu cha kanuni nimekilipia, mbona kukitumia mezani nazuiwa?

MshikaDadu aliandika:

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo maana hili jambo limenikera kweli kweli na nataka kujua kama ni mimi peke yangu au na nyie yamewakuta.

Mi ndo naendesha mchezo kwenye kundi letu, tunacheza hii michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, dadu, ramani, karatasi za wahusika, wachezaji mnaijua. Kundi lilipoamua kuhamia mchezo mwingine nikanunua kitabu cha kanuni cha kidijitali kutoka kwa wachapishaji wenyewe, bei kamili, na hiyo bei haikuwa mbali na ya kitabu cha karatasi. Akilini mwangu nimenunua faili, naliweka kwenye laptopu na kwenye simu, naprinti yale majedwali ya vita na majeraha, siku ya kikao tunakaa tunacheza.

Kumbe sio. Kitabu kinafunguka ndani ya programu yao tu. Kukopi maneno hairuhusiwi hata sentensi moja. Kuprinti wameweka kikomo cha kurasa, zikiisha zimeisha, na ukurasa uliotoka na wino hafifu nao umehesabiwa. Vifaa vina idadi yake na simu yangu iliyokufa bado inahesabiwa ni kifaa hai mpaka niwaandikie barua pepe waitoe wao. Alafu kila baada ya muda programu inataka intaneti ijithibitishe kwamba mi ndo mimi, isipoipata inagoma, na kitabu kimo humohumo ndani ya simu kimeshapakuliwa!

Sasa fikirieni hiyo mezani inakuwaje. Kitabu cha kanuni sio riwaya ya kusoma mwenyewe kitandani ukamaliza ukaweka. Kinasomwa vipande vipande, na watu watano sita, katikati ya mchezo, kwa haraka. Mchezaji anataka kumkamata mtu mieleka (na kanuni ya kukamatana mieleka hakuna anayeikumbuka, kwenye mchezo wowote ule), zamani unamsogezea kitabu anasoma mwenyewe huku wewe unaendelea na mwenzake. Sasa hivi simu yangu ndo inazunguka meza nzima, na wakati huohuo mimi naihitaji niangalie takwimu za zimwi linalowapiga. Mchezo unasimama, watu wanatoa simu zao wanaanza kuchati, moto wote uliokuwepo unapoa.

Na kuna mwenzetu haoni vizuri, anatumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Vitabu vyetu vya zamani vya PDF alikuwa anasikiliza nyumbani anakuja anajua kanuni kuliko sisi wote. Kwa hiki kipya programu yake haisomi kitu, inaona ukurasa mtupu. Hilo limeniuma kuliko yote, kwa sababu yeye hata nikimpa simu yangu hana la kufanya nayo.

Nimewaandikia huduma kwa wateja wakanijibu kwa upole kabisa kwamba nilichonunua ni leseni ya matumizi binafsi na vizuizi vipo kulinda haki za watunzi. Sasa naomba kujua, hivi kweli wana haki ya kunibana namna hii wakati pesa yangu wameshachukua? Nikidai nirudishiwe nina hoja? Na kuna njia yoyote halali ya kuifanya meza yangu icheze bila mimi kuingia kwenye wizi wa mafaili, maana huko sitaki kwenda.

Nawasilisha.


Fundi_Faili aliandika:

Pole mkuu, hauko peke yako kabisa. Ngoja nieleze hizi kufuli maana sio zote aina moja na msaada unategemea umefungwa na ipi.

Nyepesi ni PDF iliyowekewa vizuizi. PDF inaweza kuwa na nywila mbili, moja ya kulifungua faili na nyingine ya mwenye faili inayosema nini kinaruhusiwa, kuprinti ndio au hapana, kukopi ndio au hapana. Faili likishafunguka hiyo ya pili haina nguvu yenyewe, ni maagizo ambayo programu ya kusomea inaamua kuyaheshimu, ndo maana faili lilelile kwenye programu moja linagoma kukopi na kwenye nyingine linakubali. Kuna nyingine hata kufuli sio, ni alama tu, jina lako na namba ya oda vinaandikwa chini ya kila ukurasa. Haikuzuii chochote, unaprinti utakavyo, ila faili likikutwa linazagaa mtandaoni wanajua lilitokea kwa nani. Mi binafsi hiyo naikubali kwa moyo mmoja.

Alafu zinakuja ngumu, zile watu wanaita DRM. Faili limesimbwa na ufunguo uko kwenye seva yao, programu inaenda kuuomba kila unaposajili kifaa, na hapo ndo hesabu ya vifaa inapoanzia. Ya mwisho ni ile ambayo faili huna kabisa, kitabu kiko kwao na wewe unaruhusiwa kukisoma kwa akaunti yako basi. Kwa ulivyoeleza uko katikati ya hizi mbili, faili unalo ila halina maana bila wao.

Lile suala la intaneti, wanafanya hivyo ili akaunti ikifungwa au pesa ikirudishwa waweze kukizima kitabu. Cha kufanya kwa sasa ni kuifungua programu ukiwa na intaneti muda mfupi kabla ya kikao, fungua na kitabu chenyewe sio programu tu, mara nyingi ile saa ya kujithibitisha inaanza upya hapo.

Kuhusu mwenzenu asiyeona vizuri, hilo linatokea kwa sababu kwa kompyuta kukopi maandishi na kuyasoma kwa sauti vinaanza na tendo lilelile, kuyachukua maandishi kutoka kwenye ukurasa. Aliyeziba kukopi bila kufikiri kaziba na sauti. Na sio kwamba haiwezekani kutenganisha, PDF yenyewe ina ruhusa ya pekee kwa ajili ya programu za wasioona, tofauti na ruhusa ya kukopi. Kwa hiyo hao watu wangeweza. Wameamua kutojali au hawakujaribu, na hilo ningelipigia kelele kuliko vifaa na kurasa.


Sheria_Mezani aliandika:

Ndugu mleta mada, kwanza hongera kwa kutaka njia halali.

Kwenye karatasi hili lilishaamuliwa zamani. Marekani kulikuwa na mchapishaji alichapa ndani ya kitabu onyo kwamba yeyote atakayekiuza chini ya dola moja atakuwa amevunja hakimiliki yake, duka la Macy's likakiuza kwa senti 89, kesi ikafika Mahakama Kuu na mwaka 1908 mchapishaji akashindwa. Mahakama ilisema ukishauza nakala, mamlaka yako juu ya nakala ile yameisha, mnunuzi anaweza kuiuza tena, kuiazima, kuigawa. Hilo ndo linakufanya uweze kumsogezea jirani kitabu mezani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwenye dijitali wamelikwepa kwa kusema hatukukuuzia, tumekupa leseni. Na mahakama nyingi zimewaachia. Ulaya mwaka 2012 ilionekana mlango umefunguka, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikubali programu za kompyuta zilizopakuliwa ziuzwe tena na mnunuzi, watu wakadhani vitabu vitafuata, lakini Desemba 2019 mahakama hiyohiyo ikasema vitabu vya kielektroniki hapana, kuviuza tena bila idhini ya mwenye haki huwezi. Kwa hiyo wakikwambia ni leseni, kisheria kwa sehemu kubwa wanasema kweli, ubaya wao ni kwamba kitufe walichokuwekea kiliandikwa nunua.

Na kuivunja kufuli mwenyewe nakushauri usifanye. Tangu mkataba wa 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na ubunifu, nchi nyingi zimetunga sheria zinazokataza kuvunja kinga yenyewe, Marekani ni ile ya 1998, Ulaya ya 2001, yaani hata kama kitabu umekilipia na hujamgawia mtu, kitendo cha kuvunja kinaweza kuwa kosa peke yake. Zipo ruhusa za pekee, kwa mfano Marekani wana ruhusa kwa vitabu ambavyo kufuli inazuia programu za kusomea wasioona, inapitiwa upya kila miaka mitatu, ila inategemea uko wapi.

Sasa jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui na wewe litakusaidia kesho asubuhi: hakimiliki hailindi kanuni za mchezo. Inalinda maneno yaliyotumika kuzieleza, picha, hadithi na mazimwi waliyoyabuni. Namna ya kucheza, kwamba rusha dadu mbili ongeza nguvu ukifika kumi umefanikiwa, hiyo haina mwenyewe kwa hakimiliki. Mahakama Kuu ya Marekani ililisema wazi mwaka 1879 kwenye kesi ya kitabu cha uhasibu, kitabu kinalindwa, mfumo wa uhasibu ulioelezwa humo haulindwi. Kwa hiyo kaa chini uandike kwa maneno yako mwenyewe karatasi za kanuni mnazozitumia sana, vita, majeraha, mieleka hiyo, printi kila mtu ya kwake. Usikopi sentensi zao, eleza wewe. Hiyo ni kazi yako na hakuna programu ya kukuzuia, na mwenzenu ataisikiliza vizuri tu kwa sababu ni maandishi yako ya kawaida.


Mpita_Njia aliandika:

Mi naomba niwe tofauti kidogo. Masharti yalikuwepo kabla hujalipa, ukabonyeza nakubali. Watunzi nao wanakula wapi kama kila kundi mtu mmoja ananunua na wengine wanagawiwa? Kama hukutaka programu ungenunua cha karatasi.


MshikaDadu aliandika:

@Mpita_Njia nakuheshimu mkuu ila hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Ukurasa wa kununua uliandika kitabu cha kidijitali, soma popote, kwenye kifaa chochote. Habari ya kikomo cha kuprinti na idadi ya vifaa iko ndani kabisa ya masharti marefu ambayo unaletewa ukishafungua programu, na programu unaifungua ukishalipa. Sasa hapo nimekubali saa ngapi? Na kugawiwa sikuomba. Sijaomba kila mchezaji awe na nakala yake. Naomba kitabu kimoja nilichonunua kiweze kusomwa kwenye meza moja ambayo mchezo wenyewe unasema ichezwe na watu kadhaa. Wanauza mchezo wa watu wengi na kitabu cha mtu mmoja, hiyo ndo hoja yangu yote.

@Sheria_Mezani asante sana, hilo la kanuni kutolindwa sikulijua kabisa. Ntaanza leo.


Sheria_Mezani aliandika:

Na California wameliona hilo la kitufe. Sheria yao ilisainiwa Septemba 2024 ikaanza kazi Januari 1, 2025, muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kutumia neno nunua kama anachotoa ni leseni anayoweza kuiondoa, labda amweleze mteja waziwazi kabla au mteja athibitishe kwamba ameelewa anapata leseni. Anayekuruhusu kupakua faili ukakaa nalo moja kwa moja bila intaneti sheria hiyo haimgusi, na ndo ilivyotakiwa, maana huyo kweli amekuuzia.


MtungaKanuni aliandika:

Naongea kama mtu ninayetunga na kuuza michezo midogo, kurasa chache, PDF tu.

Wizi wa mafaili upo na unauma. Nimewahi kukuta kazi yangu imepakiwa mahali bure ikiwa mpya kabisa. Kwa hiyo Mpita_Njia hajasema uongo, tunakula kwa mauzo. Lakini kufuli haijawahi kunisaidia na sasa siweki. Sababu ni kwamba anayeiba hakutani na kufuli. Mtu mmoja tu akishaivunja, au akaskani kitabu cha karatasi, wote wanaokuja baada yake wanapata faili safi linalokopi, linaprinti, linasomwa kwa sauti. Anayekutana na kufuli ni yule aliyelipa, kila siku, kila kikao. Unamuuzia mwaminifu kitu kibovu kuliko kile anachopata mwizi bure, na unamtuma huyo mwaminifu akatafute kile cha mwizi.

Na hii sekta ilishajaribu. Duka la DriveThruRPG lilipoanza mwaka 2004 lilikuwa linauza PDF zenye kufuli ya Adobe, wachezaji wakalalamika sana, baadaye wakaachana nayo wakahamia alama ya jina la mnunuzi kwenye kurasa, na duka likaendelea kukua mpaka leo ndo kubwa la PDF za michezo hii. Kwa hiyo mtu asituambie biashara haiwezekani bila kufuli.

Kitu kingine ambacho mchapishaji wako anasahau mkuu, mwendeshaji wa mchezo ndo muuzaji wetu. Wewe ukikipenda kitabu wachezaji wako wawili watatu watanunua cha kwao, watanunua na nyongeza. Mchezo hauuziki kwa tangazo kama unavyouzika kwa kikao kimoja kilichoenda vizuri. Sasa wewe ndo wamekukwamisha. Mi ningekuwa wao ningekupa na faili la kugawa mezani, kurasa za mchezaji tu, bure, bila jina wala nini. Wenzangu wengi tunafanya hivyo, kitabu kizima unanunua, karatasi za muhtasari ni za kila mtu.


Mkaguzi_Mitambo aliandika:

Nimepita kusoma nikashangaa kwamba hata kwenye michezo mnateseka kama sisi kazini. Sisi vitabu vyetu vya kanuni ni viwango vya kiufundi, vya umeme, mitungi ya presha, usalama wa moto na kadhalika. Kiwango kimoja kinauzwa ghali, unapewa PDF ya mtumiaji mmoja yenye jina lako kila ukurasa, kuiweka kwenye seva ya ofisi ni marufuku, na baadhi ya wauzaji wanataka uweke kiongezi maalumu kwenye programu ya kusomea ambacho bila intaneti hakifungui. Niko ndani ya chumba cha mitambo, zege kila upande, mtandao hakuna, na kifungu nachotaka kukithibitisha ndo kinachosema umbali wa usalama. Nikarudi nje kukitafuta mtandao ili nisome sentensi moja.

Na hapa mnielewe, hizi nyingine zinatajwa ndani ya sheria za nchi. Yaani unatakiwa uzifuate, ukikosea unashtakiwa, na kuzisoma unalipia. Shirika la Public.Resource.Org Marekani lilikuwa linaviweka mtandaoni bure viwango vilivyoingizwa kwenye sheria, wakashtakiwa na mashirika ya viwango, kesi imekwenda miaka mingi, na Septemba 2023 mahakama ya rufaa ya Washington D.C. ikasema kuviweka hivyo bila faida ni matumizi halali. Machi 2024 mahakama ya Umoja wa Ulaya nayo ikasema viwango vilivyooanishwa na sheria za Umoja ni sehemu ya sheria na kuna maslahi ya umma watu wavipate. Kwa hiyo mambo yanasogea, polepole.

Nikiangalia mpira naona inawezekana. Sheria za soka za IFAB, bodi inayozitunga, unazipakua bure kwenye tovuti yao, kanuni za chesi za FIDE, shirikisho la chesi duniani, ziko wazi mtandaoni, sheria za raga vilevile. Mwamuzi wa timu za mtaani na mwamuzi wa kombe la dunia wanasoma maandishi yaleyale. Najua FIFA ina pesa za kutosha kwa njia nyingine na mtunzi wa mchezo wa mezani hana, silinganishi mifuko yao. Nachosema ni kwamba kanuni ikitaka kufuatwa na watu wengi lazima watu wengi waweze kuifungua.


Karatasi_Kwanza aliandika:

Mi niongeze jambo moja ambalo linanifanya hata PDF nzuri niihifadhi mahali pawili. Kufuli sio usumbufu wa leo tu, ni swali la kesho kitabu kitakuwepo?

Wazee wa mchezo mtakumbuka Aprili 2009. Wizards of the Coast, wenye mchezo wa Dungeons & Dragons, waliamuru PDF zao zote ziondolewe kwenye maduka ya mtandaoni kwa sababu ya wizi, wakati huohuo wakawashtaki watu wanane kwa kusambaza kitabu kipya. Na sio mauzo tu yaliyosimama, watu waliokuwa wameshalipa nao wakakuta hawawezi tena kupakua vitabu vyao kutoka kwenye yale maduka. Aliyekuwa ameshapakua alibaki na faili lake, aliyesema ntapakua baadaye alikosa. PDF zilirudi kuuzwa mwaka 2013. Mwaka uleule wa 2009, mwezi Julai, Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell moja kwa moja kutoka kwenye Kindle za watu (vifaa vyao vya kusomea vitabu), aliyevipakia hakuwa na haki ya kuviuza, pesa wakarudisha, lakini watu waliamka kitabu hakipo, na kuna mwanafunzi maelezo yake aliyokuwa ameandika pembeni yakabaki hayana kitabu. Bosi wao Jeff Bezos aliomba radhi hadharani.

Microsoft nao walifunga duka lao la vitabu mwaka 2019, wakatangaza Aprili, Julai vitabu vikaacha kufunguka. Walirudisha pesa zote na wakaongeza dola 25 kwa waliokuwa wameandika maelezo ndani. Hiyo naihesabu ni heshima. Lakini angalieni, hata kampuni kubwa kiasi kile, vitabu vilikufa siku seva zilipozimwa.

Na ya karibuni zaidi, Agosti 2024, D&D Beyond (tovuti rasmi ya Dungeons and Dragons ya kidijitali) walitangaza kwamba toleo jipya la kanuni likija, uchawi na vifaa vya kichawi vya toleo la 2014 kwenye karatasi za wahusika vitabadilishwa viwe vya toleo jipya, anayetaka vya zamani avijaze mwenyewe kwa mkono. Watu walikuwa wamelipia vile vya zamani, wako katikati ya kampeni, yaani hadithi moja ndefu inayochezwa vikao vingi. Kelele zilipigwa, na ndani ya siku chache wakabadilisha uamuzi wakaviacha. Kwa hiyo kelele zinafanya kazi, lakini kitabu cha karatasi rafuni kwako hakuna mtu anayeweza hata kufikiria kukibadilisha usiku umelala.

Kwenye kitabu cha kanuni hilo ni zito kuliko kwenye riwaya, kwa sababu kampeni inaweza kwenda miaka. Mnaanza na kanuni hizi mnamaliza na hizohizo, ndo makubaliano ya meza. Kama anayeshika kanuni ni mtu wa nje anayeweza kuzigeuza katikati, basi mwendeshaji sio wewe tena.


MshikaDadu aliandika:

Wakuu narudi na mrejesho.

Nimewaandikia tena, safari hii sikuongelea hasira yangu, nimeandika mambo mawili tu. Moja, nimenakili tangazo lao la soma popote kwenye kifaa chochote na kuonyesha kwamba masharti nimeonyeshwa baada ya kulipa. Pili, nimeeleza habari ya mwenzetu kwa undani, programu anayotumia, kinachotokea ukurasa kwa ukurasa, na nikaandika kama @Fundi_Faili alivyosema kwamba inawezekana kutenganisha kukopi na kusoma kwa sauti.

Kuhusu pesa wamekataa, wanasema kitabu kimeshafunguliwa. Simu iliyokufa wameitoa kwenye orodha. Na kwa mwenzetu wamemtumia faili la maandishi matupu lenye kanuni zote, bila picha, bila kufuli, lenye jina lake. Amelisikiliza lote na kanituma niwaambie asanteni, na amekuta kanuni mbili tulizokuwa tunazicheza vibaya tangu tuanze.

Kwa hiyo mtu mwenye shida kama yake aulize, asikae kimya, inaelekea hilo faili walikuwa nalo siku zote ila hawalitangazi. Na hapo ndo bado nina uchungu. Kama wanaweza kumtumia mmoja faili wazi lenye jina lake na dunia haikuisha, kwa nini wasituuzie wote hilohilo?

Karatasi za kanuni nimeandika, za vita na majeraha zimekwisha, za uchawi bado. Nimekuta kuziandika kwa maneno yangu kumenifanya nizielewe vizuri zaidi, ila ni kazi ambayo mtu aliyelipa bei kamili hakutakiwa kuifanya. Nyongeza ya mchezo huu ikitoka sinunui dijitali yao mpaka wabadilike, na nimewaambia hivyo kwa maandishi.

Swali la mwisho, wachezaji wameanza kuuliza kampeni ijayo tucheze nini. Nataka mchezo ambao kanuni zake naweza kuprinti, kugawa, kubandika ukutani nikitaka. Mnashauri nini?


MtungaKanuni aliandika:

Angalia yenye leseni huria mkuu. Kanuni za msingi za D&D toleo la tano, ile hati inayoitwa SRD 5.1, zilitolewa chini ya Creative Commons Januari 2023 baada ya mgogoro mkubwa kati ya kampuni na wachezaji kuhusu leseni yao ya zamani, na leseni hiyo haiwezi kuondolewa tena, unachotakiwa ni kutaja chanzo. Unaprinti, unakopi, unatafsiri, unamgawia kila mtu mezani, hata kuuza unachotunga juu yake unaruhusiwa. Haina kila kitu kilichomo kwenye vitabu vya kulipia, uchawi na mazimwi kadhaa hayamo, ila kampeni nzima unaendesha nayo. Michezo midogo huru nayo iko mingi yenye leseni za namna hii, tafuta neno Creative Commons kwenye ukurasa wa mchezo kabla hujalipa.

Na kwa ile ya kulipia, kabla ya kubonyeza muulize muuzaji hivi tu: nikishapakua, faili litafunguka bila intaneti na bila programu yenu? Akijibu ndio, nunua. Akianza kukueleza habari za vifaa, achana naye.


Fundi_Faili aliandika:

Na mwenzenu awe wa kwanza kulijaribu kabla kundi halijaamua. Pakua SRD, mpe aisikilize. Nakumbuka PDF yake maandishi yanachukulika kawaida, kwenye majedwali programu za sauti huwa zinapotea mpangilio, mkiona hivyo lete hapa ntakuonyesha namna ya kuyageuza yawe maandishi ya mstari kwa mstari, na leseni inaruhusu.


MshikaDadu aliandika:

Nimeshapakua. Namtumia sasa hivi, majedwali yakisumbua nakuja na uzi mpya. Asanteni sana wakuu.